Sikumfuata Kocha, Nilipelekwa

Mwaka jana, kwenye harusi moja ukumbini Harrow, mzee wa Kizanzibari alinishika bega akawaambia wenziwe mezani, "Huyu ni mmoja wa wale vijana waliompenda kocha wao mpaka wakahama naye chuo." Wenziwe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja akasema uaminifu wa namna ile siku hizi haupo tena. Nikaweka kijiko chini, nikaondoka, biriani nikaiacha vilevile. Mke wangu alinikuta nje kwenye maegesho ya magari akaniuliza nina nini. Nikamwambia sina kitu. Lakini nilikuwa nimekimbia meza ya harusi, mtu mzima wa miaka hamsini, kwa jambo lililonikuta nikiwa na kumi na saba.

Sikumfuata mtu. Gazeti la mtaa la huko Tottenham ndilo lililoandika hivyo, likatupiga picha sisi sita tumemzunguka kocha, mikono yake imetanda mabegani mwetu kama kuku na vifaranga. Waliandika kwamba vijana hawa walimfuata kwa mapenzi. Hakuna aliyetuuliza. Mpiga picha alichotaka ni tucheke tu, nasi tukacheka.

Wazazi wangu wote wawili walitoka Unguja baada ya Mapinduzi, kila mmoja kwa njia yake, wakakutana London. Mimi nilizaliwa huku. Tulikaa juu ya duka la vitambaa karibu na stesheni ya Rayners Lane, vyumba viwili na jiko. Baba alikuwa karani katika ofisi ya halmashauri, mtu wa suti moja na viatu vinavyong'aa. Mama aliwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Nyumbani waliongea Kiswahili, mimi nikajibu Kiingereza, na hakuna aliyeliona hilo kuwa ajabu.

Nilipomaliza shule niliingia chuo kimoja kule Harrow kusoma ufundi umeme. Sitaki mtu afikiri kwamba nilikwenda kwa sababu ya mpira. Nilikwenda kwa sababu ya umeme. Tangu mdogo nilikuwa nikifungua redio ya baba na kuirudisha, na yeye hakuwahi kunigombeza, alikuwa akikaa kunitazama tu. Mwalimu wetu wa umeme alikuwa Singasinga aliyezaliwa Nakuru, na alipojua nasikia Kiswahili alikuwa akipita nyuma yangu wakati nafunga soketi kwenye ubao wa mazoezi ananong'ona, "Usibahatishe, kijana. Pima kwanza." Nilikuwa mzuri. Nasema hivi bila haya kwa sababu ndilo jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisema waliponijadili. Nilikuwa wa kwanza darasani.

Mpira ulikuwa wa Jumatano na Jumamosi. Nilicheza beki wa kushoto, na kocha wa chuo alikuwa mtu wa kwetu, mtoto wa Mji Mkongwe, aliyewahi kucheza nyumbani kabla hajakimbilia Ulaya. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza, na alipenda kututania kwa Kiswahili mimi na kijana mwengine wa Kipemba ili Waingereza wasielewe. Uwanjani nilimwita kocha. Akija nyumbani nilimwita ami, kama nilivyofundishwa kumwita kila rika la baba.

Baba alifariki mwezi wa Novemba wa mwaka wangu wa kwanza. Alianguka kwenye ngazi za stesheni ya Harrow asubuhi akienda kazini, na alipofikishwa hospitali alikuwa ameshakata roho. Hatukuwa na ndugu wa kiume London. Mama alikaa chini sakafuni jikoni, mgongo kwenye friji, hakulia, akaniuliza mimi, "Nani atamkosha baba yako?" Nikawa sijui. Sikujua hata kwamba kuosha maiti ni jambo la kuulizwa.

Kocha ndiye aliyekuja. Sijui nani alimpa habari. Alikuja na wazee wawili wa msikitini, akakunja mikono ya shati, akanipa jagi la maji mkononi. "Mimina taratibu, mwanangu," akaniambia. "Anza upande wa kulia." Nilimuona akimpitishia baba mkono chini ya kichwa kama anavyoshikwa mtoto mchanga. Nilipoanza kumwaga ovyo alilichukua jagi, akanisubiri, kisha akanirudishia. Alimvisha sanda. Alishuka kaburini. Nilimshukuru siku ile kwa moyo wangu wote, na shukrani ile sijaifuta hata leo, ndiyo maana hasira yangu haina pa kutua.

Mama akakaa eda. Kocha na mkewe walikuwa wakija kila Ijumaa na chakula, mke anaingia chumbani kwa mama, yeye anabaki sebuleni na mimi tukitazama mpira. Miezi minne na siku kumi ikapita hivyo.

Wiki mbili baada ya mama kutoka eda, kocha alikuja Jumamosi mchana baada ya mechi. Mama alikuwa amepika mkate wa kumimina. Chai ilipokuwa inachemka mama akagundua maziwa hayatoshi, akanituma dukani. Nilirudi nikawakuta wamekaa kimya, kama watu waliokwisha kumaliza mazungumzo.

"Nimepata kazi Tottenham," kocha akaniambia. "Chuo kikubwa zaidi. Uwanja wa kweli, si ule wetu wa matope. Nataka kwenda na vijana wangu."

"Hongera, ami," nikasema. Nikaanza kumimina maziwa.

"Na weye umo."

Nikamtazama mama. Mama alikuwa anakata mkate.

"Nasoma umeme," nikasema kwa Kiingereza. "Bado mwaka mzima."

"Tottenham kuna masomo tele," akasema kocha, naye akimtazama mama. "Atasoma. Na nitakuwa naye macho yangu mawili, bibi. Mtoto wa kiume bila baba katika mji huu, unajua mwenyewe."

"Najua," mama akasema.

"Basi?"

"Basi nini, mwanao huyo. Mchukue."

Chai yake ilikuwa bado haijapoa. Hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Alipoondoka nilimwambia mama sitaki, nikamwambia kwa Kiingereza, kisha nikarudia kwa Kiswahili kibovu ili asije akasema hakusikia. Akaendelea kuosha vikombe. "Yule mtu amemkosha baba yako kwa mikono yake," akasema. "Usinitie aibu."

Mwezi wa Septemba nikaanza safari za Tottenham. Treni ya Piccadilly kutoka Rayners Lane mpaka Finsbury Park, nabadilisha ya Victoria mpaka Seven Sisters, halafu basi. Saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, na zaidi ikiwa treni zimeharibika. Chuoni wakaniambia hawana kozi ya umeme. Hawakuwahi kuwa nayo. Karani aliniandikisha kozi ya michezo na burudani kwa sababu ndiko walikokuwa wachezaji wengine, na mwaka wangu wa umeme wa Harrow hawakuuhesabu kwa lolote. Nikamwendea kocha. Akaniambia, "Vumilia kidogo, nitalishughulikia." Nikavumilia. Nilikaa darasani nikijifunza namna ya kupanga viti vya watazamaji.

Wale watano wengine hawakuwa kama mimi, na nisingetaka kuwasemea, lakini nilipanda nao mabasi mwaka mzima na waliyonieleza nayakumbuka. Kijana wa Kikongo alifurahi tu, kwa sababu kwao ni Tottenham penyewe na sasa alikuwa anaamka saa moja baadaye. Yule Mpemba aliahidiwa kwamba kuna mtu wa klabu kubwa atakuja kumtazama. Kila mechi alikuwa akikagua watu waliosimama pembeni, akijaribu kumtambua huyo mtu kwa koti lake. Ndugu wawili wa Kisomali walikuja kwa kuwa mmoja alikuja. Na kipa wetu, Mwingereza mweupe mwenye nywele nyekundu, alikuwa na baba mlevi mwenye mkono mwepesi, na kocha ndiye aliyekuwa akimrudisha nyumbani kwa gari lake na kusimama mlangoni mpaka ahakikishe hali ni shwari. Kipa alisema wazi mbele yetu, "Akienda yeye, mimi nibaki na nani?"

Sijui kama haya ndiyo mapenzi yaliyoandikwa gazetini. Labda kwa kipa.

Tulikuwa tunashinda. Hilo nalo lazima niliseme. Mpaka mwezi wa Januari hatukufungwa mchezo hata mmoja, mkuu wa chuo akawa anakuja kutuamkia kantini, sisi sita hasa, kama farasi aliowanunua.

Mwezi wa Februari nikaenda ofisini kujaza fomu ya punguzo la nauli. Karani alikuwa mama wa makamo, mcheshi, akaniuliza jina, akavuta faili. "Hili si faili lako la darasa," akajisemea. "Ah, wewe ni katika wale sita." Simu ikalia upande wa pili wa chumba, akaenda kuipokea, faili likabaki wazi juu ya kaunta, limenielekea mimi.

Ilikuwa barua ya chuo kwenda kwa kocha. Ilisema wanafurahi kumpa kazi, kwa masharti kwamba atakuja na wachezaji waliotajwa hapa chini. Chini yalikuwapo majina sita, na mbele ya kila jina nafasi yake uwanjani. Langu lilikuwa la nne. Beki wa kushoto.

Niliisoma mara mbili, halafu nikatazama tarehe. Ilikuwa ya Februari ya mwaka uliopita. Nikahesabu kwa vidole pale kwenye kaunta. Baba alikuwa na miezi mitatu kaburini. Mama alikuwa ndani ya eda. Kocha alikuwa akija kwetu kila Ijumaa na sahani iliyofunikwa kitambaa, anakaa kwenye kiti cha baba, ananiuliza nimelala vipi, na jina langu alikuwa ameshaliuza.

Nikaondoka bila kujaza fomu.

Nilimkuta kwenye chumba cha vifaa nyuma ya uwanja, anajaza mipira upepo. Aliponiona usoni aliacha pampu.

"Uliniandika tangu Februari," nikasema.

Hakujifanya haelewi. Kwa hilo nampa haki yake. "Nani kakuonesha?"

"Uliniandika mama yangu akiwa edani!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi."

Akafunga mlango. "Sikiliza, mwanangu. Miaka kumi na tatu niko kwenye vyuo vya watu hawa. Kila kazi naomba, kila kazi wananisikiliza wanatabasamu, wanampa mwengine. Hawataki mimi na lafudhi yangu hii. Wanataka timu. Nikaambiwa, tuletee timu utapata kazi. Ungefanya nini weye?"

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo! Ningekataa!"

Kuna muda aliinamisha kichwa, na nikadhani ataomba radhi, na kama angeomba nadhani ningelia na mambo yangekwisha pale. Badala yake akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Nimemkosha baba yako. Nimemzika. Hilo umelisahau?"

Sijawahi kumpiga mtu maishani. Siku ile niliuchukua mpira aliokuwa ameujaza nikaupiga teke ndani ya chumba kile kidogo kwa nguvu zangu zote. Ukagonga rafu, vikombe vikaanguka, koni za mazoezi zikatawanyika sakafuni. Yeye alijikinga uso kwa mikono. Nikamwambia, kwa Kiswahili, nikitafuta kila neno, "Hukumkosha ili unichukue mimi." Nikatoka.

Njia nzima ndani ya treni nilikuwa napanga jinsi nitakavyomweleza mama. Niliona kabisa atakavyoshtuka, atakavyompigia simu na kumfukuza nyumbani kwetu. Nilimkuta anakunja nguo zake za kazi. Nikamwambia yote, barua, majina, tarehe. Hakusimamisha mikono. Alikunja sare ya kwanza, ya pili, akaziweka juu ya kiti.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Alinambia. Siku ile ulipokwenda kununua maziwa. Alinambia bila wale vijana sita kazi hapewi, na kwamba jina lako lishaandikwa, na kama nikikataa atawaambia wakufute."

"Na hukukataa."

"Sikukataa."

Niliuliza kwa nini. Nilipiga kelele mpaka mwenye duka chini akagonga dari lake kwa ufagio. Mama alinisubiri nimalize. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naona uso wangu unapata moto.

"Nimebaki mjane kwenye mji wa watu. Sina kaka, sina shemeji. Mtu amekuja akamuosha mume wangu kama ndugu yake. Nilikuwa na kitu gani kingine cha kumpa?"

Alisema hivyo. Kitu. Mimi ndiye niliyekuwa kitu.

Nikamwambia yeye na kocha ni sawasawa. Akanipiga kofi, kofi la kwanza na la mwisho, na halikuuma hata kidogo. Baada yake alikaa kitandani akafunika uso kwa ile sare.

Timu ilikuwa na nusu fainali Jumamosi hiyo. Sikwenda. Nilikwenda Harrow, kwenye chuo changu cha zamani, nikijua kwamba mwalimu wa umeme huwa na darasa la watu wazima asubuhi za Jumamosi. Nilimsubiri koridoni mpaka wakatoka wote. Aliponiona hakuuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nataka kurudi. Akaniambia nafasi yangu imeshapewa mtu, na kwamba nitalazimika kusubiri mpaka Septemba na kuanza mwaka wa kwanza upya, pamoja na watoto wadogo.

"Mwaka wa kwanza nilishamaliza," nikasema. "Nilikuwa wa kwanza."

"Najua sana," akasema. "Nilikutolea ripoti mwenyewe. Lakini watu wa Tottenham walikuja kuchukua karatasi zako, na mimi sikuulizwa." Alikuwa na hasira pia. Nilimuona anazikusanya bisibisi na kuzitupa moja moja ndani ya boksi, kila moja kwa kishindo. Ndiye mtu pekee katika hadithi hii yote aliyekasirika kwa niaba yangu.

Nikaanza upya. Miezi ile mpaka Septemba nilibeba makatoni katika duka la vyakula. Wale wenzangu walishinda nusu fainali bila mimi, wakashinda na fainali. Mwengine alicheza beki wa kushoto na nasikia alicheza vizuri. Kocha alikaa Tottenham mwaka mmoja tu baada ya hapo, kisha akaitwa na chuo kikubwa zaidi nje ya London, akaondoka na wanne. Yule Mpemba hakuchukuliwa, kwa sababu goti lake lilikuwa limevunjika, na mtu wa klabu kubwa hakuwahi kutokea.

Kocha aliendelea kuja kwetu. Hilo ndilo lililonichoma kupita yote. Kila Idi alifika na mkewe, mama akamkaribisha kwa heshima zote, nami nikachukua koti langu nikatoka kwenda kuzunguka maduka ya stesheni mpaka nione gari lake limeondoka. Mama na mimi tulisameheana kwa namna ya watu wanaoishi nyumba moja, yaani tuliacha kulizungumza. Hakuwahi kuniambia alikosea. Nilipopata cheti changu cha ufundi alikiweka kwenye fremu, akakitundika sebuleni, na kila mgeni alionyeshwa.

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kubadilisha nyaya za duka moja kwenye soko la Tottenham. Nikiwa juu ya ngazi akaingia mtu mwenye kipara na ndevu nyekundu, akasimama kunitazama. Alikuwa kipa wetu. Sasa anaendesha basi, na duka lilikuwa la mkewe. Tukanywa chai, na haukupita muda mazungumzo yakafika kwa kocha.

"Ningemfuata mpaka Scotland," akasema.

Nikamweleza habari ya barua. Nilidhani haijui. Akasema anaijua, kocha alimweleza mwenyewe tangu mwanzo, alimuuliza, naye akakubali.

"Wewe alikuuliza?" nikasema. "Wewe?"

"Mimi nilikuwa sina mtu mwengine wa kuulizwa kwa niaba yangu."

Nikamwambia kocha alitutumia wote, alipanda juu ya mabega yetu, na yeye bado anamtetea mpaka leo. Nilisema mengi. Mteja aliyekuwa anachagua ndizi akageuka kututazama. Kipa alinisikiliza, kikombe mkononi, hakukasirika, na jinsi alivyokuwa hakasiriki ndivyo mimi nilivyozidi kupandisha sauti.

"Wewe ulikuwa na baba wa kumlilia," akasema mwishowe. "Mimi wangu alikuwa hai. Ni kocha aliyekuwa akisimama mlangoni."

Nilitaka kumwambia kwamba mtu huyohuyo anaweza kusimama mlangoni kwako na kuiba kwangu, lakini yeye alikuwa anatazama saa kwa sababu zamu yake ya basi ilikaribia. Tukaagana kwa mikono. Nikapanda ngazi, nikapima waya kama una umeme, haukuwa nao, nikaanza kuung'oa ukutani.